Wino wa Marobota

Apolinaria aliurudisha mlango wa bani la kukaushia tumbaku, akauegemezea kijiti cha kufungia tumbaku ili upepo usiusukume, kisha akaitoa makapeni, ile kalamu ya wino mzito, kwenye pindo la khanga. Ilikuwa ya mumewe. Emilian alikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, na makapeni ile ndiyo aliyoandikia namba za wakulima kwenye marobota msimu wa soko ulipofika. Aliitunza kuliko viatu vyake vya kanisani.

"Haya, mleteni mmoja mmoja," alisema. "Mkono wa kushoto, kidole cha mwisho."

Bani lilikuwa tupu. Tumbaku ya mchumo wa pili ilikuwa imetolewa juzi, lakini joto lake lilibaki kwenye kuta. Kina mama watano wa jumuiya yao ya kanisani walisimama humo ndani na watoto kumi, wengine mgongoni, wengine mkononi, wamenyamaza kama watu wanaosubiri kuungama. Nje, upande wa barabara ya kwenda stesheni ya Usoke, sauti ya Yahaya mhudumu wa afya ilikuwa ikikaribia kwenye kipaza sauti: "Wazazi na walezi wa kijiji cha Mwongozo, leo ni siku ya tatu! Chanjo ya surua na rubela, miezi tisa hadi miaka mitano! Tunapita nyumba kwa nyumba!"

Hapo ndipo penye kazi. Wachanjaji hawakuwa na muda wa maneno mengi, walitazama ukucha. Mwenye wino amekwisha kuchanjwa, asiye nao anakamatwa mkono. Apolinaria, ambaye hakuna aliyewahi kumwita mjinga, alikuwa ameuona upenyo huo tangu siku ya kwanza. Akaanza na mwanawe wa pili, Agnetha, mwenye miaka mitatu, ili kuwatoa wenzake hofu. Wino wa bluu ukakaa vizuri kwenye ukucha mdogo, na kina mama wakapumua.

Dafrosa, jirani yake wa nyumba ya tatu, akamsogeza binti yake Rustika. Huyu alikuwa na miaka minne na maneno ya miaka arobaini.

"Ya kina Viktori waliochomwa sindano ni ya zambarau," Rustika alisema akikitazama kidole chake. "Hii ni ya bluu."

Kina mama walicheka huku wakijiziba midomo. "Ana macho huyu!" alisema Veneranda. "Hapitwi na kitu."

"Zambarau na bluu ni ndugu, mwanangu," Apolinaria alimwambia. "Ikikauka hakuna atakayezitofautisha."

"Mimi nazitofautisha."

Hakuna mama aliyemuuliza Apolinaria ana uhakika gani na anachokifanya. Uhakika wenyewe ulikuwa umechuchumaa pale mlangoni. Ni Leodgar, au Leo, mwanawe wa kwanza, miaka saba, akivipanga vijiti vya tumbaku kimoja baada ya kingine, vyote vikielekea upande mmoja. Leodgar hakuwahi kumwita mtu mama. Akitaka maji alikushika kifundo cha mkono akakupeleka kwenye mtungi. Akiguswa ghafla alipiga kelele za kusimamisha misa, na treni ya mizigo ikipiga honi alijiziba masikio na kuyumba mbele na nyuma hadi sauti ipotelee Usoke. Kijiji kizima kilizijua habari zake kama mama yake alivyozisimulia: alizaliwa mzima, akachanjwa, akawa hivi. Zilikuwa habari fupi, nyepesi kubeba, na kila mama mwenye mtoto mchanga aliondoka nazo.

Yahaya na wenzake walipobisha hodi, vidole kumi na kimoja vilinyooshwa juu. Yahaya akaandika kwenye karatasi zake, akawasifu kina mama wa jumuiya ile kwa uelewa wao, akaenda zake.

* * *

Njia ya mwongo ni fupi, walisema waliotutangulia. Ya Apolinaria ilikuwa na urefu wa wiki tatu.

Ugonjwa ulikuja na nani, hakuna aliyejua. Wengine walisema ulishuka kwenye treni, wengine walisema ulitoka mnadani. Rustika alianza na mafua, ikafuata homa, kisha macho yakawa mekundu na kuchuruzika. Vipele vilipotokeza nyuma ya masikio, Dafrosa alikuja kwa Apolinaria na mtoto mgongoni.

"Mama Leo, nisindikize zahanati. Naogopa kwenda peke yangu."

"Unaogopa nini?"

Dafrosa alikuwa ameshaanza kutembea. Wote wawili walikijua alichokiogopa.

Nesi Advera alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, na alikuwa amekaa Mwongozo miaka mingi kiasi cha kuzijua mimba za watu kabla ya wenyewe. Waliingia wakamwamkia.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mayu," akamwita mama kwa Kinyamwezi. "Ana nini Rustika wangu?" Akampapasa shingo, akamfunua blauzi, akamwangalia kinywani. "Kadi yake iko wapi?"

"Ililiwa na mchwa, nesi."

"Mchwa wa Mwongozo wanapenda kadi za kliniki kuliko mbao. Kampeni ya mwezi wa pili, alichanjwa?"

Dafrosa akageuka akamtazama Apolinaria. Yale macho Apolinaria hakuja kuyasahau. Hayakuwa yakimlaumu hata kidogo. Yalikuwa yakimwomba aseme yeye, maana yeye ndiye aliyekuwa akijua mambo, yeye ndiye aliyewaambia wenzake lipi la kufanya tangu Rustika alipokuwa mchanga na Dafrosa akaiacha kliniki ya miezi tisa kwa ajili ya ushauri wake. Neno moja tu lilitakiwa pale, la kweli, na aibu yake ingekuwa ya siku moja.

"Alichanjwa," alisema Apolinaria. "Nilikuwepo."

Nesi akakishika kidole cha Rustika. Doa la wino lilikuwa bado limeng'ang'ania kwenye pembe ya ukucha. Akaguna.

"Basi surua tuiweke kando kwanza. Watoto wenu mnawakalisha kwenye kufunga tumbaku, utomvu unawatoa vipele kila msimu. Nampa dawa ya homa na ya kuwashwa. Lakini kesho kutwa mnirudishie nimwone. Akiwa bado hivi nampeleka Urambo. Mmesikia?"

"Tumesikia."

Walirudi kwa miguu hadi wakavuka reli.

"Kwa nini umesema vile?" Dafrosa aliuliza.

"Ulitaka nisemeje? Angetuandika wote. Kesho asubuhi tungekuwa kwa mtendaji."

"Mimi nilidhani utasema kweli."

"Kwa nini hukusema wewe?"

Dafrosa alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. "Mimi hakuna anayenisikiliza, Mama Leo," alisema. "Wewe ndiye husikilizwa."

* * *

Kesho kutwa ikaja ikapita. Kurudi kwa nesi kulikuwa ni kurudi kwa swali lile lile, na zaidi ya hapo, mama mkwe wa Apolinaria, Bibi Bernadeta, alikuwa amekwisha kupita nyumbani kwa Dafrosa. Watoto wa Mwongozo walifika kwa Bibi Bernadeta kabla ya kufika zahanati. Ndivyo ilivyokuwa tangu zahanati haijajengwa.

"Hii ni surua," alisema, baada ya kumtazama Rustika mara moja tu. "Na surua haichomwi sindano. Ukiichoma inaingia ndani, inaua. Fungeni dirisha. Asione mwanga."

Katika hayo, la kwanza alilipatia. Kisha akaagiza majani anayoyajua yeye, akayaponda, na asubuhi na jioni akawa anamkamulia mtoto maji yake machoni ili kuyasafisha. Rustika alilia kwa sauti iliyofika hadi nyumba ya tatu. Apolinaria aliisikia akiwa anafunga tumbaku, na mikono yake ikaendelea kufunga.

Tusimsingizie Bibi Bernadeta ubaya. Alikuwa mtu wa kujivunia ukoo tu. Babu wa marehemu mumewe alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kwa ile njia ya zamani kutoka Ujiji, akapita Unyanyembe, akaenda hadi Bagamoyo na kurudi na miguu yake miwili, na habari hiyo Bibi aliisimulia kila harusi na kila matanga. Leodgar alipofika miaka miwili bila neno, Bibi alikaa barazani mbele ya wageni akasema, "Ukoo wetu umebeba mizigo ya dunia nzima. Haujawahi kuzaa mtoto asiyejua jina lake. Hili limetoka kwingine."

Kwingine ni kwa kina Apolinaria. Mwaka mzima alilisikia neno hilo. Akaambiwa alifunga tumbaku na mimba. Akaambiwa shangazi yake alikuwa na kifafa. Kwenye jumuiya, Leodgar alipoanza kuyumba, watu walilisogeza benchi lao kidogo, kidogo tu, kama wanaokwepa jua. Ndipo siku moja sokoni Usoke, kwenye simu ya mtu asiyemjua, akasikia sauti ikisema kwamba chanjo ndizo zinazoharibu watoto. Alitamani kupiga magoti pale pale. Sindano haikuwa na shangazi. Sindano haikutoka kwao.

Baadaye daktari mmoja wa Tabora mjini alimweleza kwa upole kwamba hali ya Leodgar inaitwa usonji, kwamba mtoto huzaliwa nayo, kwamba chanjo zimechunguzwa nchi nyingi kwa watoto wengi mno na hazihusiki. Ila dalili huonekana wazi katika umri ule ule wa kuchanjwa, ndiyo maana wazazi huyafunga mambo hayo mawili pamoja. Akasema Leodgar anaweza kufundishwa, ila mama awe na subira. Apolinaria akaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari. Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na daktari yule alikuwa akimtaka autwike tena kichwani mzigo alioutua kwa shida. Alitoka pale akampandisha mwanawe kwenye basi, na tangu siku hiyo akawa anaisimulia habari ya sindano kwa nguvu zaidi.

* * *

Siku ya saba tangu waende zahanati, mtoto wa Veneranda alitoka vipele. Alasiri ya siku hiyo Agnetha akaamka usingizini na mwili wa moto.

Apolinaria alimbeba mbio hadi kwenye bani, ambako Emilian alikuwa akichochea tanuri la mchumo wa tatu.

"Baba Leo, chukua baiskeli! Mtoto ana homa!"

Emilian akamgusa Agnetha kwenye paji la uso kwa mgongo wa mkono. "Mafua haya."

"Si mafua! Ni surua hii! Huyu hana chanjo, hana hata moja ya surua tangu azaliwe, na ni mimi, mimi mwenyewe..."

"Agnetha amechanjwa."

Aliyasema hayo bila kumtazama, akilisukuma gogo ndani ya tanuri kwa kisigino.

"Amechanjwa wapi?"

"Stesheni. Siku ya kwanza ya kampeni. Si ulinipa nimpeleke kwenye baiskeli, ukasema nimnunulie maandazi? Nilimpitisha pale. Nilimwomba yule dada asimpake wino."

Apolinaria akakaa chini kwenye majivu. Agnetha akaanza kuchezea pindo la khanga yake. Kwanza Apolinaria aliona furaha, furaha ya mama ambaye mwanawe hatakufa, na hakuna haja ya kuificha. Ilidumu kiasi cha mtu kuvuta pumzi mbili.

"Na hukuniambia."

"Nikuambie ili iweje? Kila nikifungua mdomo juu ya hizi chanjo unalia siku tatu. Nikaona mtoto apone na wewe upate amani."

"Na watoto wa wenzangu, Baba Leo?"

Emilian akajifuta uso kwa bega.

"Makapeni yangu niliikuta imekauka," alisema. "Kifuniko hakikufungwa vizuri. Nikawaona watoto wa Dafrosa, watoto wa Veneranda, wana wino wa marobota vidoleni. Nilijua. Nikajisemea haya ni mambo ya wanawake." Akachuchumaa karibu yake. "Leodgar alikuwa hivi kabla ya sindano, mama. Ana miezi saba nilikuwa namwita nyuma ya mgongo, hageuki. Nikigonga sufuria anageuka. Nikimwita jina lake, hageuki. Hukumbuki?"

Alikumbuka. Alikuwa akikumbuka siku zote, hiyo ndiyo iliyokuwa dhambi yake. Alikumbuka mtoto amelala kwenye mkeka pembeni mwa bani hili hili, jua likipenya kwenye nyufa za mlango na kuchora mistari ukutani, na yeye ameinama juu yake akimwita, Leo, Leo, mwanangu, na macho ya mtoto yakimpita begani kwenda kwenye ile mistari. Alijiambia siku ile kwamba mtoto anapenda mwanga. Wakati ule sindano ya surua ilikuwa bado miezi miwili.

"Nakumbuka," alisema.

Neno hilo lilikuwa limekaa ndani miaka zaidi ya sita, na lilipotoka halikumwacha na kitu cha kushikilia. Akampa Emilian mtoto, akajifunga khanga vizuri, akaenda zahanati kwa miguu.

"Nesi, nilidanganya," alisema akiwa bado mlangoni. "Rustika hakuchanjwa. Ni mimi niliyewapaka wino. Wako kumi."

Nesi Advera hakupaza sauti. Laiti angemtukana. Alichukua daftari akamwambia ataje, naye akawataja, mmoja baada ya mmoja, jina la mtoto na jina la mama. Alipomaliza nesi akauliza, "Rustika ni siku ya ngapi leo?"

"Ya saba tangu tuje kwako."

Nesi akaiweka kalamu chini. Akatia dawa kwenye mkoba pamoja na vidonge vya vitamini A, akampigia simu Yahaya, na pikipiki ilipofika wakapanda mshikaki wote watatu, Apolinaria katikati, akionyesha nyumba.

Kwa Dafrosa chumba kilikuwa na giza na harufu ya majani yaliyopondwa. Dafrosa alitoka akitabasamu. "Amepona, nesi! Homa imeisha tangu jana, vipele vinakauka. Amekula uji." Nesi akampita, akalisukuma dirisha likafunguka lote, na jua la alasiri likamwangukia Rustika aliyekuwa amekaa kitandani amejifunika shuka mabegani. Nesi akamwinua kidevu. Weusi wa macho yake haukuwepo. Palikuwa na utando, mweupe kama maji ya kuoshea mchele.

Rustika alisikiliza nyayo zao.

"Mama," alisema, "mbona hamfungui dirisha?"

* * *

Hospitalini Tabora walihangaika na macho ya Rustika wiki tatu. Walisema ni surua, na upungufu wa vitamini, na yale maji ya majani. Kipi kilianza na kipi kilimaliza, hakuna anayeweza kusema. Walisema angerudishwa zahanati kesho kutwa ile, ingekuwa habari nyingine. Watoto wawili wengine wa ile orodha waliugua, wakapona, kwa kuwa hao waliwahiwa.

Mkutano wa kijiji uliitishwa na mwenyekiti, mzee Lugembe. Apolinaria alisimama mbele ya watu, akayaeleza yote kuanzia makapeni hadi zahanati. Hakujipunguzia. Alikuwa amejiandaa kwa matusi na hata kwa kofi. Ambacho hakuwa amekifikiria ni kile alichokisema Veneranda.

"Muulizeni habari ya mwanawe," Veneranda alisema, amesimama, kidole kikimwelekea. "Agnetha! Nimeambiwa na mchanjaji wa stesheni mwenyewe. Agnetha alichanjwa siku ya kwanza! Siku ya tatu ndiyo akatuita kwenye bani. Wake amemkinga, wetu akawapaka wino kama marobota!"

Watu wakavuma.

"Sikujua," alisema Apolinaria.

"Hukujua? Mtoto wa tumbo lako?"

Emilian akasimama, akaeleza alivyomchukua mtoto kwa baiskeli, maandazi, na wino aliokataa. Alieleza kweli tupu, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana ya kutunga. Mume gani anamchanja mtoto kwa siri ya mkewe? Mtu mmoja nyuma alicheka. Apolinaria akaketi. Miaka yote walimwamini alipokuwa akisema uongo, na leo amesema kweli, hakuna hata mmoja aliyemwamini.

Bibi Bernadeta alikuwa mstari wa mbele, mikono mapajani. Juu ya majani yake hakuna aliyeuliza, naye hakusema. Ila kuanzia siku ile hakuisimulia tena habari ya mpagazi.

Mwenyekiti akasema suala la polisi aamue mama wa mtoto. Dafrosa hakuinuka alipokaa.

"Polisi watamrudishia macho?" aliuliza. Walipomwambia hapana, akafunga khanga yake akaondoka.

Apolinaria alivuliwa ukatibu wa jumuiya, na benchi likasogezwa tena, safari hii kwa ajili yake. Hilo alilistahimili. Lililomkosesha usingizi ni jingine. Miaka yote alikuwa akitafuta wa kumlaumu kwa ajili ya Leodgar, akamtafuta hadi kwenye sindano isiyo na kosa, na kumbe hakuwepo. Mtoto alizaliwa alivyo. Dafrosa hakuwa na haja ya kutafuta. Wa kwake alikuwa na jina na uso, na kila asubuhi moshi wa jiko lake ulionekana nyumba ya tatu.

* * *

Mwezi wa nne mwishoni timu ya chanjo ilirudi, ikapewa ghala la chama. Marobota ya kwanza ya msimu yalikuwa yamepangwa ukutani, yakisubiri wateuzi wa madaraja ya tumbaku, na Emilian alikuwa ameyaandika namba kwa makapeni mpya. Safari hii walichanjwa watoto wote wa chini ya miaka kumi, waliochanjwa na wasiochanjwa.

Apolinaria alifika mapema na watoto wake wawili. Waliomtangulia waliacha nafasi ya mtu mmoja kati yao na yeye. Leodgar alikuwa na pamba masikioni na kijiti chake mkononi. Ilipofika zamu yake Nesi Advera hakumshika kwa ghafla. Alikaa kwenye sakafu usawa wake, akamgusa kijiti kwanza, kisha mkono. Leodgar alipiga kelele, sindano ikaingia, ikatoka. Baada ya muda mfupi alikuwa amechuchumaa chini ya marobota akipanga vipande vya kamba, vyote upande mmoja. Apolinaria alikaa kwenye benchi la kusubiria akimtazama kwa makini, mpaka macho yakamuuma. Alikuwa Leodgar yule yule. Alikuwa Leodgar yule yule siku zote.

Ndipo Dafrosa akaingia akimwongoza Rustika kwa bega. Rustika alikuwa amepungua mwili, na alitembea akiinua miguu juu kuliko inavyohitajika, mkono mmoja mbele. Alichomwa bila kulia. Yahaya akamchukua mkono wa kushoto, akampaka wino kwenye ukucha wa kidole cha mwisho.

Rustika akakileta kidole karibu na uso, kisha akakishusha.

"Mama," alisema, "hii ni ya zambarau?"

Dafrosa alikuwa hajasema na Apolinaria tangu siku nesi alipofungua lile dirisha, wala kisimani, wala kanisani. Sasa akageuka akamtazama pale benchini, na macho yalikuwa yale yale ya zahanati, ila hayakuwa yakiomba tena.

"Mwambie wewe," alisema.

Apolinaria akainuka. Akasogea hadi mbele ya mtoto, akakitazama kidole kile vizuri, kama ambavyo hakukitazama siku ile kwenye bani.

"Ni ya zambarau, mwanangu," alisema.

Rustika aliitambua sauti. Alikificha kidole chake kwenye ngumi ya mkono wa pili, akafikiri kidogo. Kisha akageuza uso upande ambao hapakuwa na mtu.

"Nesi," aliita, "ni kweli?"